Kiwavi, Nondo na Swali la Nafsi Moja

Katika misitu ya miyombo inayoizunguka milima ya mawe ya Masasi, na katika mikorosho ya Newala kwenye ukingo wa Uwanda wa Juu wa Makonde, kiwavi mwenye manyoya hutambuliwa kwanza kwa dhara lake, yaani mwasho unaobaki ngozini mwa aliyemgusa. Utambuzi huo humtosha mkulima aliye kazini, lakini hauelezi kiumbe huyo ni nani. Entomolojia, yaani elimu ya wadudu, huwaainisha nondo hasa kwa umbo la mdudu mzima, na kwa kuwa viwavi wa aina mbalimbali hufanana, ilhali kiwavi mmoja aweza kugeuka sura kila ajivuapo ngozi, njia iliyozoeleka ni kumlisha majani ya mti uleule alikookotwa mpaka ajifungie katika kifukofuko, yaani nyumba ya nyuzi za hariri ambamo baadhi husokota hata manyoya yao yawashayo, kisha kungoja atoke na mbawa.

Je, kiwavi hupewa jina la nondo kwa haki gani, ikiwa sehemu kubwa ya mwili wake imevunjwa na kuumbwa upya? Kwa Aristotle, asili ya kitu hudhihirika katika ukomo wake, na kwa msingi huo kiwavi angehesabiwa kuwa nondo asiyetimia. Hoja hiyo haitoshelezi, kwani katika jamii kadhaa za viwavi wenye manyoya nondo hali kabisa, bali huishi siku chache kwa akiba aliyoiweka kiwavi, na ni vigumu kumwita pungufu yule aliyeuchuma uhai wote. Tena, mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walionyesha kwamba nondo wa aina moja aliendelea kuikwepa harufu aliyofunzwa kuichukia alipokuwa kiwavi mkubwa.

Swali hili si geni kusini, ambako mwali wa jando, yaani mvulana anayefundwa utu uzima, hutoka na jina jipya, desturi ambayo Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926, hakuipiga marufuku bali aliiingiza katika maisha ya Kanisa. Jina jipya halimfuti mtoto, wala halifuti deni la malezi yake. Kwa sababu hiyohiyo jina linaloandikwa siku nondo atokapo humstahili pia kiwavi, tangu jani lake la kwanza.