Maliza Kausha Damu Kabla ya Kusoma Habari za Hisa

Kitabu cha Robert Kiyosaki, Rich Dad Poor Dad, kilitoka mwaka 1997 na bado kinashikwa sana mkononi na vijana wetu, hasa walioanza kuonja mshahara. Sina ugomvi nacho, kwa kuwa kinamwamsha mtu ajiulize fedha yake inazaa nini. Kinachoniuma ni kuona mama mwenye genge, anayekimbizana na watu wa kausha damu, yaani mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, akihimizwa na mwanawe akisome ili aanze kuwekeza.

Tupige hesabu. Tuseme mama huyo amechukua 100,000 na anatakiwa kurejesha 130,000 ndani ya mwezi. Hiyo ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi mmoja, na hatifungani ya Serikali haiwezi kumlipa hivyo hata kwa mwaka mzima. Hakuna uwekezaji utakaomfaa kuliko kulimaliza hilo deni.

Kitabu kinachomfaa mama huyo ni cha madeni. Dave Ramsey wa Marekani aliandika The Total Money Makeover mwaka 2003, na ushauri wake ni mwepesi kuushika: tenga akiba ndogo ya dharura, orodhesha madeni yako yote, anza kulipa lililo dogo kabisa, likiisha hamia linalofuata. Mimi ningeanza na kausha damu hata kama si dogo, maana hiyo haisubiri mtu. Lakini kuorodhesha ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Wengi wetu hatujui jumla ya tunachodaiwa. Kuna la dukani kwa Mangi, kuna la kikoba, kuna la mkopo wa Songesha kwenye simu, kuna la shemeji ambalo tunaona haya hata kulitaja. Yakikaa kwenye karatasi moja, mtu huanza kuona pa kushika.

Hata hivyo, Ramsey anawaandikia Wamarekani wenzake, wenye kadi za mikopo na akaunti za kustaafu za kwao, na bajeti yake ni ya mwezi kwa mwezi. Mkulima wa korosho wa Mtwara hupata fedha kwa msimu, kisha fedha hiyo hiyo imlishe miezi mingi. Yeye inambidi aigawe siku anapoipata: ada ya Januari kando, mbolea na dawa ya mikorosho kando, kinachobaki akigawanye kwa miezi iliyo mbele. Kwa dereva wa bodaboda, anayepata fedha kila siku, ningependekeza The Richest Man in Babylon cha George Clason, cha mwaka 1926. Ni hadithi fupi fupi, na kanuni yake kuu ni kuweka moja ya kumi ya kila unachopata kabla hujatumia. Aliyepata 20,000 leo aweke 2,000 leo.

Kuna pia suala la nyumba. Kiyosaki anafundisha kwamba nyumba unayoishi si rasilimali, kwa sababu inakutoa fedha mfukoni. Anasema hivyo akiwa katika nchi ambako mkopo wa nyumba wa miaka 30 ni jambo la kawaida. Kwetu wengi hujenga kidogo kidogo, leo msingi, mwakani bati, na siku wakihamia wanaachana na kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mpangaji wa Mbagala asiuze kiwanja chake kwa sababu ya sura moja ya kitabu.

Aliyemaliza madeni na akawa na akiba ya miezi michache, huyo sasa vitabu vya uwekezaji ni vyake. Avisome pamoja na maelezo ya UTT AMIS, wasimamizi wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambao Mfuko wao wa Umoja ulianza mwaka 2005, maana mwandishi wa Marekani hatamweleza namna ya kununua vipande.

Ndugu msomaji, kabla hujalipia kitabu, chukua karatasi uandike mambo matatu: unadaiwa na nani, akiba yako itakulisha siku ngapi, na fedha yako huingia lini. Kisha funua ukurasa wa yaliyomo. Usipoona sura inayogusa hata moja kati ya hayo, kirudishe kitabu mezani na uchukue kingine.