Mrija wa Puani na Wajibu kwa Aliyelazwa Usingizi

Mrija wa kupumulia hupitishwa puani badala ya mdomoni pale ambapo daktari wa upasuaji anauhitaji mdomo wenyewe: taya lililovunjika linapofungwa kwa waya, uvimbe wa taya unapotolewa, au usaha wa jino unapokuwa umeenea hadi shingoni. Barabara kuu ya Segera kwenda Moshi inapita Korogwe, mkoani Tanga, na huko na wilayani Handeni watu wanasafiri kwa bodaboda, kwa hiyo taya lililovunjika si habari ya vitabuni. Majeruhi huyo akikubali nusukaputi, anamkabidhi mtu mwingine akili yake na pumzi yake kwa muda. Aliyekabidhiwa anawiwa nini: njia iliyo bora duniani, au iliyo bora pale alipo?

Uhalali wa kumlaza mgonjwa una majibu ya zamani. Imam Nawawi wa karne ya 13, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mkoa wa Tanga, aliona inajuzu kuondoa akili kwa dawa ili mkono unaooza ukatwe. Papa Pius XII, akiwajibu madaktari wa usingizi Novemba 1957, alifundisha kwamba wajibu wa kutunza uhai unahusu njia za kawaida, na kwamba ukawaida huo hutegemea mtu, mahali na wakati. Jibu la Papa ni la busara, lakini likishikwa vibaya, watu wa wilaya maskini wataambiwa kuwa huduma dhaifu ndiyo kawaida yao.

Njia zenyewe za kupitisha mrija puani zinasaidia kulipima jibu hilo. Ya zamani ni kupitisha mrija bila kuona. Madaktari wa usingizi Magill na Rowbotham waliiendeleza Uingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walipowahudumia askari walioharibiwa nyuso. Mgonjwa anaachwa apumue mwenyewe, na mtaalamu anausogeza mrija huku akisikiliza hewa inayotoka kwenye ncha ya nje. Ni ufundi wa sikio na mkono, na usipotumiwa mara kwa mara hupotea. Ya pili ni laringoskopu, yaani kifaa cha kumulikia koo, ya Macintosh, iliyotolewa mwaka 1943, pamoja na koleo ya Magill ya kuuelekeza mrija kwenye mlango wa koo la hewa. Laringoskopu ya kamera huonyesha mlango huo vizuri zaidi, na mara nyingi koleo haihitajiki. Faibaskopu, darubini nyembamba inayopinda ambayo daktari wa usingizi Murphy aliitumia kwa kazi hii mwaka 1967, inamfaa mgonjwa ambaye taya halifunguki, kwani anaweza kuwekewa mrija akiwa macho.

Kwa mpangilio huo ingeonekana kwamba ubora hufuata bei. Sivyo kabisa. Madhara yanayotokea zaidi katika kazi hii ni kutokwa damu puani, na damu hutoka mrija unapopita kwenye tundu la pua, kabla kamera haijaona chochote. Kinachoipunguza ni vitu vya bei ndogo: matone ya kubana mishipa ya damu, jeli, mrija mwembamba kiasi uliolainishwa kwa maji ya moto safi, kuchagua tundu lililo wazi zaidi, na kuifunika ncha ya mrija kwa katheta laini ya mpira. Tena damu ikishajaa kooni, faibaskopu ya mamilioni ya shilingi haioni kitu. Hatua ya bei nafuu ndiyo inayoibeba ile ya gharama.

Kwa hiyo kauli ya «hatuna vifaa» inasamehe machache kuliko inavyodhaniwa. Haimsamehe aliyeacha kulainisha mrija, wala aliyeuingiza puani kwa mgonjwa anayeshukiwa kuvunjika mfupa wa chini ya fuvu, ambapo mrija unaweza kupotea njia na kuingia ndani ya fuvu. Fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, humbebesha dhamana anayetibu bila kuujua utabibu, na hukumu hiyo inaangalia ujuzi. Asiyeizoea njia ya kupitisha bila kuona asijifunzie juu ya mgonjwa ambaye taya limekaza.

Rufaa nayo ni sehemu ya uwezo. Mgonjwa anayehitaji faibaskopu, naye hali yake inaruhusu safari, atoke Handeni au hospitali ya Magunga, Korogwe, apelekwe hospitali ya Bombo mjini Tanga, au ya KCMC Moshi, ilimradi anakopelekwa kifaa kipo na yupo wa kukitumia. Yeye na ndugu zake waambiwe wazi sababu ya safari na hatari ya kubaki, kwa sababu ridhaa iliyotolewa bila kujua hayo ina kasoro.

Kwa waganga, basi, Papa alisema kweli: hawadaiwi kisichokuwepo. Kwa wanaopanga bajeti haitoshi, maana kilichopo wilayani kimeamuliwa na watu, na mwaka ujao wanaweza kuamua vingine. Lawama ya kifaa kinachoweza kununuliwa na hakikununuliwa ni yao, si ya aliyeshika mrija.