Aliyeona na Aliyesema

Nyuma ya Neptuni kuna sayari kibete ya mwamba na barafu, yenye umbo la yai, inayojizungusha mara moja kila baada ya saa nne hivi. Inaitwa Haumea. Kwenye rekodi rasmi, mahali pa ugunduzi pameandikwa Sierra Nevada, Uhispania. Jina la mgunduzi halipo. Pameachwa wazi tu. Pengo hilo limenisumbua kuliko sayari yenyewe.

Kisa ni hiki. Desemba 2004, Mike Brown na wenzake kule California waliiona kwenye picha zao. Wakanyamaza, walitaka kuichunguza kwanza, watoe kazi iliyoiva. Julai 2005 wakachapisha muhtasari uliokitaja kitu hicho kwa namba yao ya ndani tu. Siku chache baadaye Wahispania, wakiongozwa na José Luis Ortiz, wakatangaza kwamba wameigundua wao, katika picha walizopiga 2003.

Kumbe ile namba, ukiitafuta kwenye intaneti, ilikufikisha kwenye kumbukumbu za darubini iliyotumiwa na kina Brown: ilielekezwa wapi, usiku gani. Na kompyuta za taasisi ya Ortiz zilikuwa zimezifungua kurasa hizo kabla ya tangazo. Ortiz alikubali kwamba walizitazama, ila kwa kuhakikisha tu kitu walichokwisha kukiona.

Sasa wewe ungeamuaje? Mlango haukuwa na kufuli, kwa hiyo neno wizi naona ni zito mno. Kinachonikera ni kwamba walipotangaza hawakusema walichungulia. Mwanafunzi akitupia jicho daftari la mwenzake ili ahakikishe jibu lake, huenda jibu ni lake kweli. Lakini sasa sisi tutajuaje? Njia ya kujua ameifunga yeye mwenyewe.

Na Brown je? Miezi saba amekalia habari ya kitu ambacho mwanga wake unamfikia kila mwenye darubini! Namwelewa, bwana: ukisema mapema, wenye vyombo vikubwa wanakupita. Hata hivyo, aliyewaona ng'ombe waliopotea akanyamaza hadi mwingine akaleta habari, hawezi kudai shukrani za kwanza eti macho yake yalitangulia. Ila na huyo mleta habari, kama alisikia kwa kutega sikio dirishani, tutamwuliza maswali mawili matatu.

Mwaka 2008 Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia ukaamua. Jina likachukuliwa lile la kina Brown, la mungu wa kike wa uzazi wa Hawaii. Mahali pakawa pa Wahispania. Mgunduzi, hakuna. Kuna watakaouita uamuzi huo woga. Mimi nauona una ukweli kuliko jina lolote ambalo lingewekwa pale, maana kuona na kusema ni kazi mbili, na hapa hazikufanywa na mtu mmoja kwa mikono safi.

Januari 2017 Haumea ilipita mbele ya nyota ya mbali, na mwanga wa nyota ukafifia kidogo kabla na baada ya wakati uliotarajiwa. Ndivyo ilivyojulikana kwamba ina pete. Makala ya ugunduzi huo ina waandishi wengi, na jina la kwanza ni Ortiz.