Mficha Uchi Hazai

Wazee walisema mficha uchi hazai. Methali hii wengi wetu tuliikuta shuleni. Mwalimu aliifafanua haraka haraka huku darasa likicheka: mwenye shida asione haya kuieleza. Tukaandika, tukajibu mtihani, tukasahau. Mimi ilinirudia usiku mmoja kule Muleba, nikiwa nimeshika wembe mkononi.

Dada yangu alikuwa amebakiza siku chache ajifungue. Nilipanda Hiace Bukoba mjini, tukapita Kemondo, jioni nikafika kwake. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumsindikiza hospitali uchungu ukimwanza. Nikakuta beseni limeshapangwa chini ya kitanda: khanga, glavu, pamba, sabuni, mpira wa kutandika, uzi wa kufungia kitovu, na nyembe mbili ndani ya karatasi zake. Nyembe hizo, msomaji, zilikuwa za kukatia kitovu cha mtoto.

Watu walipolala akaniita. "Mdogo wangu, nisaidie. Tumbo limenizuia, huku chini sijioni tena. Siwezi kwenda hivi."

Sikumwuliza "hivi" ni vipi. Nilikuwa naijua habari ya uzazi wake wa kwanza. Alipopanda kitandani, muuguzi mmoja alimtazama akamwambia mwenzake kwa sauti, "Huyu naye kaja na shamba lake." Wakacheka. Miaka minne imepita. Dada anasema uchungu wa siku ile ameshausahau, lakini kile kicheko bado anakisikia.

Basi nikafungua wembe mmoja, nikawasha tochi ya simu. Tena nikamtania, "Tulia, usije ukatutia aibu huko." Nikaanza. Mkono ukateleza, damu ikatoka. Nikataka kuacha. Dada akauma khanga, akasema, "Endelea."

Neno hilo limeninyima usingizi siku nyingi. Mtu gani huyu anayekatwa na kusema endelea? Na anamwogopa nani? Swali langu ndilo hili: mwanamke anayekwenda kuzaa, macho ya watu yanamdai nini?

Shangazi yetu ana jibu lake. Yeye husema usafi ni heshima, huwezi kuwapelekea watu mwili usioandaliwa. Simcheki. Mgeni akija tunafagia uwanja, sembuse mtoto? Jirani zetu Waislamu nao wana hoja yao nzito zaidi: kwao kuondoa nywele hizo ni jambo la dini, zisizidi siku arobaini, mtu awe na mimba au asiwe nayo. Anayefanya hivyo anamtii Mola wake, hana habari na muuguzi. Yuko pia anayependa tu kujisikia mwepesi, akasuka nywele, akakata kucha, akajipaka mafuta, akasema sasa niko tayari. Mwili ni wake. Sina ugomvi naye hata kidogo.

Ugomvi wangu ni na wanaosema nywele ni uchafu na asiyenyoa ni mchafu. Hospitali za Ulaya na Marekani ndizo zilizoeneza mtindo wa kumnyoa kila mzazi, zikiamini zinazuia maambukizo. Lakini mwaka 1922 madaktari wawili wa Marekani, Johnston na Sidall, walitoa matokeo ya wazazi 389. Wengine walinyolewa, wengine walipunguzwa nywele kwa mkasi tu. Kunyoa hakukuonekana kuwakinga na homa baada ya uzazi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani nalo lilisema wazi kwamba kumnyoa kila mzazi kabla ya uzazi wa kawaida hakupendekezwi. Wembe huacha vijikwaruzo ambavyo wakati mwingine hata jicho halivioni, na vijidudu hupata mlango hapo hapo tulipodhani tumeufunga. Kama lazima, mkasi unatosha.

Na sisi wa Kagera, ni nani wa kutufundisha habari za wembe? Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mkoani kwetu mwaka 1983. Tumekua tukiambiwa wembe hauchangiwi. Tukaelewa kwamba chuma kidogo kile kinaweza kubeba kifo. Mbona basi aibu ikija tunasahau yote, tunamnyoa mtu gizani kwa tochi ya simu?

Najua aibu inavyotengenezwa. Zamani Buhaya wanawake ndio waliokamata senene na kuwaandaa, lakini kuwala walikatazwa. Leo wanawala mchana kweupe, na mbingu haijaanguka. Yako mambo tuliyoyaita heshima kumbe yalikuwa mazoea tu, na aliyebeba gharama yake ni yule yule mwanamke.

Mtu ataniambia wauguzi wana kazi nyingi, mmoja anahudumia wazazi kadhaa usiku kucha. Ni kweli, na wengi wao wana utu. Lakini uchovu unaeleza tu kwa nini neno baya limetoka, hauligeuzi kuwa zuri. Tena kicheko kile hakikuishia wodini. Kilitembea miaka minne mpaka chumbani kwa dada, kikanikabidhi mimi wembe. Utani wangu ulikuwa mtoto wake. Muuguzi alikosa, nami nilikosa, tena mimi ni ndugu.

Hapo ndipo naiona ile methali kuwa nusu. Inamwambia mzazi asifiche uchi. Haijamwambia anayeutazama kitu chochote. Mimi naongeza: anayefunuliwa uchi wa mwenzake amepewa amana. Mzazi hadaiwi uzuri siku ile. Anayedaiwa ni yule aliyesimama amevaa nguo zake. Na uchaguzi uliofanywa kwa kuogopa kuchekwa si uchaguzi, hata kama mwenyewe amesema endelea.

Sisi tunaojifunza kuandika hadithi, kuzaa tunakuandika kwa mistari miwili: mama akapiga kelele, mtoto akalia. Wembe wa usiku ule hatuuandiki. Labda nasi tunaficha uchi.

Uchungu ulimwanza siku ya tatu. Mkunga aliyempokea alikuwa mama mtu mzima, mpole. Akaliona jeraha, akauliza taratibu, "Nani kakukata, mwanangu?"

"Nimejikata mwenyewe," dada akajibu.

Alinisitiri. Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni, ndani yake umebaki wembe mmoja, bado uko kwenye karatasi. Huo ndio uliokata kitovu cha mtoto. Ni wa kike.