Nimetoka Vizuri?

Mtu akishapigwa picha siku hizi haangalii tena kamera, anamwangalia mpiga picha. Simama siku ya mahafali nje ya ukumbi wa chuo chochote utaliona hilo. Mhitimu ananyoosha joho, anatabasamu, kamera inalia, kisha mpiga picha anainamia kioo kilichoko mgongoni mwa kamera yake. Kwa sekunde mbili tatu mhitimu anausoma uso ule ulioinama kama mgonjwa anavyousoma uso wa daktari aliyeshika majibu ya vipimo. Mpiga picha akikunja uso, mabega yanashuka. Akitikisa kichwa kwa kuridhika, swali linatoka: "Nimetoka vizuri?"

Hebu liangalie swali hilo. Aliyetoka ni yeye. Hasemi picha imetoka, wala haniulizi kama nimepiga vizuri. Anauliza habari za nafsi yake. Na mimi, ambaye hii ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba, wakati huohuo nasema kimoyomoyo neno jingine kabisa: "Nimeipata." Kioo ni kimoja na picha ni moja, lakini mmoja wetu anamwona mtu na mwingine anaona kitu alichokamata. Kwa muda sasa nimekuwa nikijiuliza nadaiwa nini na mtu aliyeko mbele yangu katika sekunde zile ambazo nimempa utosi.

Kioo chenyewe hakina umri mkubwa. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, alipounda kamera ya dijitali, picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti, na ili uione ulihitaji televisheni. Mwaka 1995 Casio walitoa QV-10, iliyomwekea mnunuzi wa kawaida kioo nyuma ya kamera. Kabla ya hapo ulikuwa na mkanda wa picha 36. Ukiumaliza unaupeleka studio kusafishwa, unapewa risiti, unasubiri. Wapiga picha wa Kiingereza wameipa tabia hii ya kuinamia kioo jina la mzaha walilolitoa kwa sokwe, kwa sababu ya ile miguno ya mtu anayejifurahia kazi yake mwenyewe.

Mzaha huo unacheka majivuno tu, na majivuno ni jambo dogo. Mimi lililonisumbua nililiona msibani.

Tulikuwa wapiga picha wawili siku ya kuaga mwili. Mama wa marehemu alipofika kwenye jeneza hakulia. Aliweka kiganja kwenye mbao, akakituliza hapo, kama anayepima homa ya mtoto. Mwenzangu alipiga. Niliijua ile picha kuwa nzuri kabla sijaiona. Akainama, akaitazama, akatabasamu, tabasamu dogo la fundi aliyeona ubao umekaa sawasawa. Binti aliyekuwa amemshika mama mkono aliliona. Hakusema kitu. Alimzungusha mama taratibu mpaka kamera ikabaki na migongo yao miwili.

Je, mwenzangu alikosea? Hakuwa akicheka msiba. Fundi yeyote wa enzi za mkanda angeifurahia picha ile, ila angeifurahia wiki moja baadaye, peke yake kwenye chumba cha giza, chini ya taa nyekundu. Furaha ni ileile, imehama mahali tu. Basi pengine heshima tunayowasifia wazee wa mkanda haikuwa yao. Ilikuwa ya dawa na maji, vilivyowachelewesha kufurahi hadi wafiwa wasiwepo.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni suala la adabu: furahi, lakini usionyeshe. Silikubali jibu hilo, kwa sababu kule kuchelewa kulifanya zaidi ya kuficha. Garry Winogrand, aliyepiga picha mitaa ya New York kwa miaka mingi, alikuwa akiiacha mikanda yake mwaka mzima au zaidi kabla ya kuisafisha, ili hisia za siku ile zisimchagulie picha. Alipofariki mwaka 1984 aliacha mikanda ipatayo 2,500 ambayo haijasafishwa. (Wateja wangu wangenishtaki.) Ila alielewa kwamba kushuhudia ni kazi moja na kuhukumu ni nyingine. Msibani mtu asiye na undugu na marehemu anaruhusiwa kusimama karibu na jeneza kuliko baadhi ya binamu, na ruhusa hiyo amepewa kwa ajili ya ile kazi ya kwanza. Akiinamia kioo anakuwa ameondoka msibani, lakini mwili wake bado umeziba nafasi ya mtu.

Hata hivyo siwezi kujiunga na wanaotaka kioo kiondolewe. Mwaka 2016 Leica walitoa kamera ya dijitali, M-D, isiyo na kioo nyuma, na ikasifiwa kama mazoezi ya subira. Mwenye uwezo wa kuinunua anaweza pia kumudu kukosa picha. Mimi nimechukua malipo ya awali, na ndoa haifungwi upya kwa sababu jua la saa saba liligeuza shela kuwa doa jeupe lisilo na nyuzi. Kuhakikisha ni sehemu ya kazi niliyolipwa.

Na kuna jambo zito kuliko hela. Enzi za mkanda mtu alipigwa, mkanda ukaondoka na mpigaji, yeye akabaki hajui ametokaje. Ni wangapi katika picha za zamani za nchi zetu, waliosimamishwa mbele ya kamera ya mgeni, ambao hawakuwahi kuziona nyuso zao zilizochukuliwa? Kioo ndicho kilichompa aliyepigwa nafasi ya kusema, "Hiyo ifute," na kuiona ikifutwa. Mzee mmoja niliyempiga mdomo ukiwa umejaa pilau aliniambia hivyo, nikaifuta huku akichungulia begani kwangu. Winogrand hakuwa na namna ya kumfanyia mtu hivyo, hata kama angetaka.

Kwa hiyo nimefika njia panda isiyo nadhifu. Nimezima ule mpangilio unaoileta picha kwenye kioo yenyewe kila nikipiga. Mwanga naupima mapema, kwenye viti vitupu na keki. Msibani sitazami chochote mpaka niwe nje ya geti. Kwingine, kioo nakifungua zaidi kwa ajili ya aliyepigwa kuliko kwa ajili yangu, na ndipo linapotokea la kutokea, maana watu wamezoea kuona utosi wetu na wanauchukua kama dhamana.

"Kijana, mbona wewe huangalii?" aliniuliza shangazi wa bibi harusi, baada ya kupigwa mara tatu mfululizo. "Una uhakika zinatoka?"

"Zinatoka, shangazi."

Hakuridhika. Nikamgeuzia kamera. Alitoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akazitazama zote tatu kwa muda mrefu kuliko ninavyotazama mimi picha yoyote. Kisha akasema tuanze upya, na safari hii dada yake asogee, asimzibe.