Kofia ya Yankees, tiketi ya Ingwe

Kofia za New York Yankees hazilali mezani pangu pale Toi. Moja ikitokea kwenye mzigo asubuhi, kabla ya saa nne ishapata mwenyewe. Jumapili moja kijana alinilipa mia mbili, akaivaa papo hapo. Nikamuuliza hiyo timu inacheza mchezo gani. Akacheka. "Sijui, boss. Lakini imenitoa poa, ama?"

Siku hiyo nilifunga mapema. Kulikuwa na debi ya Mashemeji, AFC Leopards na Gor Mahia, na mimi ni Ingwe tangu tumboni. Nyumbani kwetu Kibera, ubingwa wa 1998 husimuliwa kama harusi ya mtu wa familia. Nikafuata barabara ya Mbagathi kwa miguu, jezi kifuani, pesa ya tiketi mfukoni.

Getini watu walisukumana, geti likaachia, nami nikabebwa ndani na umati. Pesa bado ninayo. Sikurudi kulipa. Niliimba mpaka sauti ikakauka, na winga wetu alipokosa bao nilimtukana kama mtu ninayemlipa mshahara.

Usiku, kitandani, ndipo swali likanijia: je, niliiba?

Nilijitetea haraka. Mpira hauishi kwa kutazamwa. Ningelipa nisilipe, mechi ingekuwa ile ile, na hakuna aliyekosa kiti kwa sababu yangu.

Shida ni kwamba hoja hiyo ikifika Toi inanimaliza. Shati ninalouza, mwenyewe wa kwanza alilitoa bure huko ng'ambo. Mtu akilinyakua na kukimbia, anaweza kuniuliza: si lilikuwa limetupwa? Na bado soko zima litampigia kelele za mwizi, mimi nikiwa wa kwanza. Kwa sababu siuzi kitambaa tu. Nauza kuamka saa kumi, kugombania mzigo, kuchambua mabovu mpaka zuri lipatikane, kulipiga pasi.

Dakika 90 nazo zina mzigo wake: mazoezi, nauli, viatu, kodi ya nyumba. Katika ligi yetu, mchezaji kukaa miezi bila mshahara si habari mpya. Mwaka 2019 mdhamini mkuu alipojiondoa, vilabu hivi viwili vyote vilihangaika. Sisi mashabiki tulilaumu kila mtu isipokuwa sisi wenyewe.

Mtoto anayechungulia juu ya ukuta kwa sababu hana kitu, simhukumu. Mimi nilikuwa nacho.

Nadhani kosa langu lilianza kabla ya geti. Nilidhani mapenzi yanafuta deni: hii timu ni yetu, mbona nilipie cha kwetu? Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema mcheza kwao huzoewa. Kijana wa kofia hajui hata besiboli huchezwa na watu wangapi, lakini alilipa bila kusumbua. Mimi naijua timu yangu jina kwa jina, na ndiye niliyeingia bure.

Ile pesa nimeiweka kando, kwenye mkebe wa sindano na vifungo. Mechi ijayo nitanunua tiketi mbili. Ya pili nitampa mtoto wa ukutani.