Sauti ya Muuzaji Sebuleni

Somo: Isaya 55:1-3

Basi linapopunguza mwendo Burnt Forest, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, huzingirwa kabla halijasimama. Karoti huinuliwa hadi dirishani, viazi viko kwenye ndoo, njegere zimekwisha kumenywa na kufungwa, na kila muuzaji hupaza sauti ili yake isimezwe na ya jirani. Isaya 55 inaanza hivyo hivyo. Nabii anasimama kama mchuuzi, anawaita wenye kiu waje majini, na wasio na kitu mfukoni waje wachukue divai na maziwa bila kulipa. Walioitwa walikuwa Wayahudi waliohamishwa hadi Babeli, mji wa masoko na utajiri, na Mungu hakuona haya kupaza sauti yake katikati ya wauzaji wengine. Kisha anawauliza: kwa nini mnatoa fedha kwa kitu kisicho chakula, na kwa nini jasho lenu linaishia kwa kisichoshibisha?

Tuangalie kwanza jinsi watu wa nyakati zile walivyolipa. Fedha ilipimwa kwa mizani. Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa binamu yake Hanameli, alipima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi (Yeremia 32:9-10). Kulipa kulichukua muda. Macho yaliiona fedha ikitoka, na mwenye kutaka kughairi alipata nafasi ya kughairi. Sisi, tangu M-Pesa ianze Machi 2007, tumepata baraka kubwa: karo inafika shuleni bila mtu kupanda matatu, na mama mgonjwa kijijini anapata pesa ya dawa saa ile ile. Lakini nafasi ya kughairi imekuwa finyu mno. Unabonyeza namba ya siri, ujumbe unaingia, yamekwisha. Na tangu 2019, hata salio likiwa haba, Fuliza inajazia, nayo ina ada yake.

Linalonihuzunisha ni kwamba mkulima wa huku anaijua mizani kuliko watu wengi. Maziwa yake yakipimwa asubuhi, anainama kusoma kipimo. Broka akija na gunia la viazi lililorefushwa kupita kilo 50 zinazokubaliwa na sheria, watagombana hadharani, tena kwa haki. Usiku mkulima huyo huyo ameketi karibu na jiko la makaa, baridi ikipenya chini ya mlango, na kati ya taarifa ya habari na tamthilia anaonyeshwa mkopo wa haraka, simu ya kulipia mdogo mdogo na meza ya kahawa ya familia isiyofanana na yake. Hapo hapimi chochote. Shilingi chache kwa siku zinasikika ndogo, na hakuna anayemketisha amjumlishie za mwaka mzima.

Kamari imeingia kwa mlango huo huo. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia michezo ya kubahatisha nchini Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, mojawapo ya sababu ikiwa ni watoto waliokuwa wakiyaona na kuyasikia mchana kutwa. Serikali iliona hatari hiyo. Sisi wazazi tulikuwa tumeketi papo hapo sebuleni.

Sisemi televisheni ivunjwe. Shamba Shape Up, iliyoanza kuonyeshwa Citizen mwaka 2012, imewafundisha wengi kuhusu udongo, mabanda na lishe ya ng'ombe, na ninaiheshimu kwa sababu inafika kwa mkulima mdogo shambani mwake. Hata humo kampuni za pembejeo huonyesha bidhaa zao, kwa hiyo daftari na kalamu viwe karibu: mbegu hii ni bei gani, na eka yangu itanirudishia nini?

Narudi kwenye maziwa, maana nabii ameyataja kwa jina. Zipo nyumba katika kaunti hii ya Uasin Gishu, yenye ng'ombe wa maziwa kila upande, ambako asubuhi yanauzwa yote na watoto wanakwenda shule na turungi. Mara nyingi ni umaskini wenyewe, na hapo hatuna ruhusa ya kuhukumu. Lakini mara nyingine pesa ya maziwa imekwisha kuahidiwa kifurushi cha king'amuzi na mkeka wa kamari wa Jumamosi. Swali la Isaya linauma hapo, kwa sababu kitu kinachoshibisha kilikuwa tayari mkononi.

Mwaka 2015, Kenya ilipokuwa ikihamia matangazo ya dijitali, NTV, KTN na Citizen zilitoweka hewani karibu wiki tatu. Tulinung'unika sana. Jaribu kukumbuka: kuna kitu ulichokosa kununua wiki zile, kwa kuwa hukukiona kikitangazwa, na nyumba yako ikaumia kukikosa?

Mstari wa tatu unaliacha tumbo na kwenda kwa sikio. Tegeni masikio, Mungu anasema, mje kwangu, msikie na nafsi zenu ziishi. Anachotoa bila bei kinapokewa kwa kusikiliza, na saa zetu za kusikiliza, baada ya shamba na biashara, ni zile zile za jioni ambazo tumemkabidhi muuzaji.

Basi leo jioni, matangazo yakianza, zima sauti. Mmoja wa watoto asome mistari hii mitatu. Kisha fungueni ujumbe wa M-Pesa wa wiki iliyopita na kuusoma mmoja mmoja, mkiuliza swali la nabii kwa kila malipo yaliyotumwa. Baba na mama waanze na matumizi yao wenyewe, kabla ya kugusa peremende za watoto.